Binti Yangu Amenyamaza, na Mimi Nimefurahi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila usinihukumu kabla hujafika mwisho. Mimi ni mama, fundi cherehani, kibanda changu kiko mbele ya nyumba, na binti yangu wa miaka kumi na mitano mdomo wake haujawahi kuwa na breki, jambo likimjia kichwani limeshatoka, nikimpima mteja kiuno yeye anasema huyu kanenepa, wenzake wakiongea anawakatiza, wakicheza hasubiri zamu, nimemfinya, nimempiga, nimemwambia fikiri kwanza mpaka nimechoka, na rafiki alikuwa naye mmoja tu. Sasa mwezi huu rafiki huyo alimwambia kwa siri kwamba baba yake yuko gerezani, binti yangu akalisema darasani mbele ya wote, wala hakuwa na ubaya, lilimponyoka tu, na yule mtoto ameacha shule. Mama yake alikuja akalia kibandani kwangu mbele ya wateja, nami kwa aibu nikamgeukia binti yangu nikasema, "Bora ungezaliwa bubu." Tangu hapo hajatamka neno, leo siku ya kumi na mbili, chakula anakigusagusa tu, na kinachonitisha ni kwamba nyumba imetulia, wateja wanamsifu kuwa ameshika adabu, na mimi, Mungu anisamehe, nimefurahi. Nifanyeje?

Fundi wa Kibandani

Fundi, pole, ingawa pole haitoshi. Hiyo si adabu, mama. Mtoto amekutii, na anakwisha huku wewe ukipewa hongera. Kujizuia ni kazi ya akili, mtu hujifunza kama wewe ulivyojifunza kushona mstari ulionyooka, ukakosea, ukafumua, na wengine huchelewa. Ulimwambia afikiri kwanza. Nani alikaa naye akamwonyesha anafikirije?

Kesho asubuhi kibanda kisifunguliwe. Mpeleke hospitali, maana mtoto asiyesema na asiyekula si wa kungojewa. Akipata nguvu mfundishe kidogokidogo, ameze mate kabla ya kujibu, ajiulize habari hii ni ya nani. Kwa yule rafiki tangulia wewe, ukaombe radhi, na usitegemee kusamehewa.

Lakini leo hii, kabla hujashika kitambaa cha mtu, kaa karibu naye umwambie ulikosea, na kwamba unaitaka sauti yake. Neno lako nawe lilikuponyoka, na wewe ni mtu mzima. Ukishasema, nyamaza umsubiri. Huenda asijibu. Kesho umwambie tena.