Mikono Mitupu

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua nepi, nimepika uji, nimekaa kwa kiti tena. Siku ya nne Baba Imali ananichora. Yeye anachoranga mabango ya vinyozi na saluni hapa Kakamega. Plaiwudi nzima aliipaka rangi ya udongo, sasa anafuta na kitambaa pale mwanga unaangukia. Uso wangu unatoka gizani polepole. Ni mzuri. Unaniogopesha.

Majibu ya hospitali ni Ijumaa. Walidunga sindano kwa titi la kushoto, wakatoa nyama ya kupima. Imali ana miezi saba. Bado ananyonya.

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe ameleta ndizi. Ameona picha, akasimama mlangoni.
"Hiyo ni ya matanga?"
"Mama, bibi yangu nisimchore kwa sababu yuko hai?"
"Aliye hai anapigwa picha na simu. Kubwa hivyo, mtu peke yake, tunabebanga mbele ya jeneza."
Baba Imali alicheka. Mimi hapana. Ya marehemu baba yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Baba Imali ameenda kazini, nimeifunua picha. Macho hajachora. Mashimo mawili ya kahawia. Bega la kulia linang'aa. La kushoto ni kivuli, mpaka kifuani. Kwa nini upande ule? Mikono iko magotini, mitupu. Tangu nizae sijakaa na mikono mitupu.

Anafikiri nitakufa. Anamwekea Imali kitu cha kuangalia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemuuliza. Akaosha brashi kwa mafuta taa muda mrefu.
"Naogopa, Mama Imali. Nisipochora nitapiga kelele."
Nimenyonyesha nikilia. Mungu, mtoto hajajua hata kusimama.

Ijumaa, 7 Machi
Si ile mbaya. Daktari alirudia mara mbili. Uvimbe utatolewa, ninyonyeshe tu. Nikakaa chini kwa sakafu.

Jumapili, 9 Machi
Tumetoka kanisani, nimekaa tena, Imali mapajani. Hatulii. Rangi ilikuwa bado mbichi. Baba Imali amefuta ile mikono na kitambaa, akaichora upya imeshika mtoto. Macho yangu yanamwangalia. Kivuli amekiacha. Anasema dirisha liko kulia, basi. Kweli liko kulia.

Mama mkwe ameisogelea picha.
"Hii sasa haibebwi mbele ya jeneza."
Akaenda kutafuta msumari wa kuitundika.