Padre na Katekista, Baiskeli Zangu Mbili

Jumapili, 11 Januari 2026

Mvua usiku kucha. Asubuhi jua linawaka kama halikuhusika. Nimekwenda misa kwa Katekista, mgongo wote matope, nikakaa benchi la nyuma kwa heshima ya wenzangu.

Niyaandike majina haya kabla sijazeeka nikayasahau. Padre ni baiskeli nyeusi, ina madigadi, kengele na kifuniko cha mnyororo. Anatoka siku kavu tu, msafi, kazi ikiwa imeshafanywa na wengine. Katekista ni ya mvua. Hana madigadi, hana kengele, rangi ilishahama, breki ya mbele ni soli ya kandambili – na ndiye anayefika kila mahali. Wenye vyeo vyao pale parokiani hawayajui majina haya. Au wanajua, wamenyamaza.

Mashimba, Msukuma wa Lusahunga aliyeniuzia Katekista, ndiye aliyenifungua macho. Udongo wetu huu mwekundu ukilowa unajaa kati ya madigadi na tairi, gurudumu linagoma, unaishia kuibeba baiskeli kichwani. Ng'oa, ndugu yangu, alisema, bora mgongo uchafuke. Nikang'oa. Oili chafu kwenye fremu tope lisishike, kijiti cha kukwangulia kwenye keria – mvua ije.

Baada ya misa nimewasikia akina mama wakisema jana hawakuanika maharage kwa sababu fundi Novatus alitoka na ile chakavu. Kumbe mimi ni idara ya hali ya hewa!

Jumanne, 13 Januari

Ni kweli, ni idara. Jirani Protasi amenisimamisha barabarani, maharage yake bado yamefungwa kwenye turubai.

– Fundi, leo umempanda mweusi. Nianike?

Nikaangalia kilima. Nikavuta hewa puani. Nikasema anika. Akaanika, hakukunyesha, jioni akaniletea papai.

Papai zuri. Ila nikilila nasikia haya kidogo, maana siri yenyewe ni hii: mimi sijui mvua. Najua redio na taa za sola, ndiyo kazi yangu, nayo nilijifunza kwa kuharibu za watu. Mvua anaijua Bibi Eufrazia, jirani yangu ng'ambo ya barabara, mwenye miaka sabini na kitu ya kutazama mbingu hizi. Kila asubuhi nafungua mlango naangalia kuni zake. Zikiwa chini ya upenu, natoa Katekista. Zikiwa nje, natoa Padre. Mwaka wa nne sasa. Sijamwambia mtu. Hata yeye.

Alhamisi, 15 Januari

Nimetengeneza redio ya Kalista. Mara ya nne tangu Noeli. Redio haina ubaya. Tunajua sote wawili.

Kalista ana cherehani yake sokoni, ana miaka thelathini na minane na ulimi uliochongwa. Mimi nina arobaini na mitatu, na watu wameshachoka kuniuliza. Basi leo nimemtuma Idefonsi kwa baba yake, Mzee Ndikuriyo, kule Mabawe. Idefonsi ni rafiki, ana koti, anajua kusema maneno marefu. Mshenga kamili.

Sijala mchana. Nimesema ni tumbo.

Ijumaa, 16 Januari

Idefonsi amerudi. Amepewa urwagwa, pombe ya ndizi imekunywika, maneno marefu yamesemwa. Mzee Ndikuriyo akasikiliza mpaka mwisho, mrija mdomoni. Kisha akauliza: huyu si yule mwenye baiskeli ya jua na baiskeli ya mvua? Idefonsi akasema ndiye.

– Sasa binti yangu atakuwa ipi?

Nyumba nzima ikacheka. Nimemuuliza Idefonsi yeye alifanya nini. Amesema na yeye alicheka, ndugu, ilikuwa vigumu.

Mshenga wa aina hiyo!

Hukumu ni hii: Jumamosi ya tarehe 24 niende mwenyewe. Niende na moja. Mzee atanijua kwa hiyo.

Jumapili, 18 Januari

Kila mtu ana ushauri. Danstan, mtoto wa Bibi Eufrazia, anasema Padre, hata kuuliza ni ujinga, mkwe haendi ukweni na chuma kisicho na madigadi. Protasi anasema Padre pia, lakini niazime na kofia. Mke wa Protasi, Joyceline, anasema kofia ya nani, ile yenye tundu?

Nimepita kwa Kalista. Alikuwa anampima mteja, pini mdomoni, akaongea bila kuzitoa.

– Baba hana habari na posa yako. Ana magunia sita ya maharage uani, wiki nzima anayaanika na kuyaanua. Yakilowa tena yanaota. Ana habari na hayo.

– Na wewe unasemaje? Niende na ipi?

– Na itakayokufikisha.

Mteja akacheka. Mimi pia, lakini kwa kuchelewa.

Jumatano, 21 Januari

Siku ya msiba. Hakuna aliyekufa.

Nimevuka barabara kumpelekea Bibi Eufrazia taa yake. Shikamoo, marahaba, uji. Nikaona nimuulize, maana Jumamosi siwezi kukosea: bibi, wewe mvua unaijuaje?

Akaniangalia kama nimemuuliza jina lake.

– Si natazama baiskeli yako!

Nikaweka kikombe chini.

Macho yangu yaliisha zamani, mwanangu, akasema. Wingu silioni, kilima chenyewe nakiona kama ng'ombe amelala. Lakini wewe ukitoka na ile mbaya nasikia inavyolia, basi naingiza kuni.

– Na asubuhi zinapokuwa ndani tayari?

– Ni za jana hizo. Nizitoe na mgongo huu?

– Sasa huwa anazitoa nani?

– Danstan. Akija kupasua anazirudisha nje, anaziacha hapo hapo.

Danstan! Ambaye Jumatatu iliyopita alivaa kwenda kanisani! Kwa hiyo miaka minne hali ya hewa ya kijiji chetu cha Mbuba imeamuliwa na Danstan, kutegemea siku anayojisikia kushika shoka. Mimi namtazama bibi, bibi ananitazama mimi, na kijiji kizima kinatutazama na maharage mkononi.

Na bado tumekuwa tukipatia. Au watu wanakumbuka siku tulizopatia tu.

Alhamisi, 22 Januari

Leo nimetazama mbingu mwenyewe. Ni kubwa sana. Haina maandishi popote.

Nikaamua kavu. Nikatoa Padre. Nimemwona Joyceline akitandika turubai lake kwa furaha, nikamwinulia mkono kama askofu.

Mvua imenikuta kwenye mteremko wa kwenda sokoni saa saba. Si manyunyu – mvua. Hatua hamsini, madigadi yakajaa, Padre akagoma kabisa, nikamwinua kichwani. Nimeingia sokoni hivyo, baiskeli juu, maji chini, tope jekundu likinichirizika masikioni. Hakuna aliyecheka. Ndipo nilipojua ni jambo kubwa. Kalista tu alisimamisha cherehani, akanitupia kipande cha kitambaa nijifute.

Madebe mawili ya maharage ya Protasi yamelowa. Jioni amepita akanisalimia vizuri, kwa upole, kama mtu anayesalimia mgonjwa. Papai hakuna.

Afadhali angenitukana. Maharage ni chakula cha watoto wake mpaka Juni. Nimempa Joyceline jiko langu la mkaa ayakaushe juu ya bati, na nimekaa naye kuyageuza. Amesema fundi, kila mtu anakosea. Hajui nimekosea miaka minne.

Ijumaa, 23 Januari

Nimemwosha Padre kwa sabuni. Anang'aa. Nimeazimwa kofia, ile yenye tundu.

Halafu mchana, jambo. Redio ya parokia iko mezani kwangu, kubwa ya zamani, mawimbi ya kati. Siku hizi huko hakuna kitu ila mluzi na stesheni moja ya mbali, ndiyo maana wazee wanaipenda. Ikaanza kukwaruza: krr! krr-krr! Nikalaani risasi niliyochomea nyaya asubuhi. Nikafungua, nikachomea upya. Krr! Nje jua kali. Nikachomea mara ya tatu, nikaunguza kidole, nikatoka nje kukipepea.

Baada ya nusu saa mvua ikamwagika.

Nimekaa nimekishika chuma cha kuchomea, sifanyi kitu. Jana pia ilikwaruza! Kabla sijatoka na Padre, ilikwaruza mpaka nikaizima. Na Jumamosi iliyopita. Ni radi, radi za mbali ambazo jicho halijaziona – redio inazisikia kwanza. Miaka kumi na tano nachomea redio zisizo na ubaya kila msimu wa mvua. Watu wamenilipa kwa hilo. Mungu anisamehe, na wao wasijue.

Kwa hiyo kesho sitatazama kuni. Nitasikiliza.

Jumamosi, 24 Januari, alfajiri

Kimya. Mluzi tu. Padre yuko mlangoni, kofia juu ya usukani.

Saa mbili na nusu

Jua. Mbingu imefagiliwa, hakuna hata unyoya. Barabara kavu. Krr.

Nimesubiri. Krr-krr.

Nimetoka mlangoni nimeangalia. Bluu tupu mpaka kwenye vilima vya Burundi. Nimerudi. Krr!

Padre anang'aa. Shati langu jeupe. Hakuna mtu duniani ambaye leo angetoka na Katekista.

Jumamosi hiyo hiyo, Mabawe, saa saba hivi

Naandika nyuma ya nyumba ya Mzee Ndikuriyo. Nimeaga kwamba nakwenda kunawa tope. Tope lipi! Sina hata tone. Jua linachoma mpaka karatasi inang'aa, naandika nimefumba jicho moja.

Nimekuja na Katekista.

Kutoka nyumbani ilikuwa kama kupita na king'ora. Joyceline ameniona, ameangalia juu, ameniangalia tena. Nilijua anawaza ya Alhamisi. Akasimama hapo na upande wa turubai mkononi. Mwisho akaanua – namwandika hapa kwa heshima. Bibi Eufrazia akasikia mlio, akaanza kuingiza kuni. Danstan, aliyekuwa ndio kwanza amezitoa, akatukana kwa sauti ya chini.

Idefonsi alinisubiri njiani na koti lake. Alipomwona Katekista alikaa chini kwenye majani. Ndugu, akasema, mimi ninarudi nyumbani. Hakurudi. Kwa hilo nimemsamehe kicheko.

Tumefika. Ua wote umetandikwa – turubai, mikeka, hata kanga za watu. Magunia sita, maharage mekundu yanameta. Mashangazi wamekaa kwenye viti vya kuazima, nguo za Jumapili. Mzee Ndikuriyo mlangoni, mfupi, fimbo mkononi. Nikamsimamisha Katekista, nikainama.

– Shikamoo, mzee.

Alimtazama Katekista. Fremu, soli ya kandambili, kijiti kwenye keria. Akatazama mbingu. Akatazama maharage. Akamtazama tena Katekista, muda mrefu, nikaona midomo inacheza.

– Imvura! – akapiga kelele. – Mvua! Anueni! Mnakaa tu!

Ah! Sijawahi kuona ukwe wa namna hiyo. Mashangazi waliinuka na viatu mkononi. Idefonsi amebeba gunia na koti mwilini. Mimi na Kalista tulishika mkeka mmoja, yeye upande ule, mimi huku, tukaukunja maharage yakateremkia katikati. Kwa vurugu hii, akasema bila kunitazama, isiponyesha utalala Burundi. Nikamwambia najua. Akacheka, shavuni ana ganda la haragwe.

Nusu saa kila kitu ndani. Magunia sita yamejaa sebuleni, wageni wamekaa juu yake maana viti vimekosa nafasi.

Na jua linawaka.

Mzee akakaa, akavuta chungu cha urwagwa karibu, akaweka mrija. Akasema polepole, kila mtu asikie:

– Fundi. Chungu hiki kikiisha na mvua imenyesha, tutaongea mambo yako. Kikiisha bila mvua, tutaongea mambo ya maharage.

Na shikamoo yangu bado iko hewani. Hajaipokea.

Nimechungulia dirishani. Chungu kimefika nusu. Idefonsi anakunywa polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Kumbe ni mshenga kweli. Juu, upande wa Burundi, kuna kitu cheupe. Si wingu. Labda ni wingu. Ni ukubwa wa kofia yangu, na lina tundu.

Ndani wamewasha redio ili wageni wasichoke. Ni ile ya Kalista, ya mara nne. Mzee anataka mawimbi yake ya kati. Namsikia shangazi mmoja anauliza ni nani aliyeiharibu namna hii. Kisha Kalista, kwa sauti ya kunifikia mimi huku nyuma:

– Fundi! Njoo uitazame redio yako! Inakwaruza hiyo mpaka wimbo hausikiki!

Nyumba nzima inacheka. Wacha wacheke. Nanawa mashavu haya, naingia –