Adalbert Amerudi Peke Yake

Ruashi, Lubumbashi
Tarehe 17 Novemba 2002

Mpendwa Yaya Syntiche, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji Gérard na watoto wote huko Kitwe. Goti lako limepona? Sisi tunapumua. Mama anakohoa tangu mvua ianze, lakini anakula.

Yaya, mdogo wetu Adalbert, askari wetu, yuko hai. Tangu mji wa Pweto uanguke mikononi mwa waasi, karibu miaka miwili, hatukujua kama ni mzima au maiti. Kumbe walimteka huko. Mwezi uliopita waliwaachilia baadhi ya wafungwa wa vita, naye akafika nyumbani. Mama alimpapasa uso kwanza kabla ya kulia. Amekonda sana, meno manne hana, na kitanda hakitaki, analala sakafuni.

Habari nzito ni ya Kalaba, yule mtoto wa jirani yetu Mama Chola. Walikuwa jeshini pamoja, wakatekwa siku moja.

Wafungwa walitembezwa siku nyingi kuelekea kaskazini, na aliyeshindwa kutembea alipigwa risasi. Mguu wa Kalaba ulikuwa umeoza kwa jeraha. Adalbert akambeba mgongoni siku mbili. Siku ya tatu miguu yake ikakataa. Alianguka naye, akainuka, akaanguka tena, mpaka askari mmoja akawanyooshea bunduki wote wawili. Kalaba, aliyemheshimu kama kaka, akamwambia, "Yaya, uniweke chini. Wewe wende."

Akamweka kando ya njia, akaendelea bila kugeuka. Alisikia mlio mmoja.

Nilimshauri amwambie Mama Chola kwamba Kalaba alikufa kwa malaria. Akakataa. "Hapana, yaya. Ule mama iko na haki ya kujua."

Nilimsindikiza. Mama Chola alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Alilia?"

"Hapana, mama. Hakulia."

Akatuomba tumwache peke yake.

Jana ukoo wao ulifanya matanga bila maiti. Adalbert akasimama, akarudia yote mbele ya watu. Baba mdogo wa Kalaba akamkaba shati, akimwita muuaji. Nilikuwa nimeshavua saa yangu tayari kupigana. Ndipo Mama Chola alipoinuka mkekani, akautoa ule mkono shingoni mwa ndugu yetu.

"Mumuache! Huyu alimubeba siku mbili. Kwenu ninyi, nani alimubeba?"

Akamketisha Adalbert karibu yake, kati ya watoto wake, mpaka watu walipotawanyika.

Usidhani amepona, yaya. Mlango ukigongwa anasimama wima, mikono juu. Na jeshi limemwita arudi kambini kabla ya Noeli. Mimi sijui nimwambie nini. Ukipata njia, uje umwone mapema.

Nisalimie Benita na Caleb, na shemeji asisahau kumwandikia Mama. Mungu awafunike ninyi nyote huko, na huyu mdogo wetu asimwachie mkono.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye sana,
Faustin