Jirani Niliyempelekea Futari

Bellevue, Johannesburg

Mdogo wangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Magoti yako yameacha kelele? Na paa la jikoni limezibwa, au bado mnapikia mvuani? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye ufizi. Anayenishikia kalamu ni Mama Furaha, Mkongo mshonaji wa chumba cha mbele. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Umeniuliza kuhusu mjukuu wetu Zuhura. Watu wa filamu wa Dar wamemletea karatasi atie sahihi, baba yake kaapa kumfungia ndani, nawe unangoja neno langu mimi mkubwa. Neno langu lilikuwa "mfungieni". Lilishafika mdomoni. Sasa sikia kilichonirudisha nyuma.

Nyumba yetu hii imekatwakatwa vyumba. Cha uani anakaa bikizee mmoja, hatoki ila amejifunika gubigubi, macho tu. Nikasema alhamdulillahi, Muislamu mwenzangu, tena mkiwa. Ramadhani nzima nikampelekea futari: uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, tambi. Anapokea kwenye upenyo wa mlango, kimya. Kesho yake bakuli linarudi limeoshwa, ndani mna chungwa. Nikampenda kwa lile chungwa. Huyu kalelewa, harudishi chombo kitupu.

Siku ya Idi nikamgongea. "Gogo," maana ndivyo wanavyowaita wazee huku, "vaa viatu twende Mayfair tukaswali."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Mimi Mkristo, mama."

"Mkristo! Na futari yangu mwezi mzima?"

"Ilikuwa tamu. Ulitaka niseme nini?"

"Mlafi mkubwa we! Na huo ushungi?"

Basi akaufungua. Mwanaidi, mashavu yameungua, meusi kama ukoko wa sufuria. Nami na mdomo wangu nikauliza, nani kakuchoma? Akaniingiza ndani, akanionyesha picha ukutani: msichana shingo ndefu, anacheka meno yote nje. "Huyo ni mimi," akasema.

Kumbe alicheza filamu, zile za mwanzomwanzo za watu weusi wa huku. Kisha wakamweka magazetini kutangaza mkorogo wa kujichubua. Karatasi aliyoitia sahihi bila kusomewa ilisema lazima aupake mwenyewe, kila siku. Uso ulipoharibika wakatafuta mwingine, yeye akaenda kufagia nyumba za Wazungu. Siku moja alifuta vumbi juu ya gazeti lenye sura yake, mwenye nyumba kasimama palepale, asimjue.

"Na filamu yako uliionaje?"

"Sijaiona. Waliizindua kwenye jumba la Wazungu. Nilifukuzwa mlangoni, na picha yangu imebandikwa ukutani. Ilipofika mitaa yetu, nilishaanza kujificha."

Nikamweleza ya Zuhura. Nilidhani atasema tumfunge kwa mnyororo. Akauliza, "Bibi yake anaweza kukaa kwenye kiti kimoja mchana kutwa?"

"Yule? Hajui kufanya lingine."

"Basi aende naye. Mimi nilifungiwa, nikatokea dirishani. Waliponipa karatasi sikuwa na wa kumwuliza. Uso ulipoungua, sikuthubutu kurudi kugonga kwetu."

Mwanaidi, nilirudi chumbani nikakaa kitandani bila kuvua viatu. Neno langu limegeuka. Mwanao aache viapo vyake. Zuhura aende, nawe ufuatane naye, ukae hapohapo wanapompiga picha. Karatasi isomwe kwa Kiswahili neno kwa neno, ukisikia kwa masikio yako. Wakitaja kumpaka kitu usoni, mshike mkono mwondoke. Na akishindwa, arudi ale, asichekwe na mtu.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, apunguze chumvi. Nisalimie wifi yetu mkubwa na wote wa nyumba ya nyuma. Baba Zuhura mwambie mama yake mkubwa kasema, akiwa na hasira anipigie mimi.

Gogo naye anakusalimu. Anaitwa Nomvula. Walioiona ile filamu walimwambia limeandikwa hata jina la mwenye farasi, lake likaachwa. Basi Zuhura asiguse kalamu mpaka aonyeshwe jina lake litakapoandikwa: Zuhura, na la baba yake, na la babu yake, yote.

Dada yako anayekuona hata kwa mbali,
Mwanahawa