Kaushio la Dagaa Linanukia Udi, na Wakaguzi Wako Njiani

Mpendwa Shangazi Sada, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia unifichie jina langu, na ukiona mwandiko unachezacheza usidhani nimelewa, ni kicheko, nacheka tangu juzi nilipokuwa Kivinje, nimecheka ndani ya basi mpaka konda akaniuliza kama niko salama, na hapa Mtanda, Lindi mjini, naandika nimejiziba mdomo kwa kanga, maana mwenzangu Cletus yuko chumba cha pili na yeye hacheki hata kidogo.

Mimi ni fundi wa mitambo, mzaliwa wa Mtama, na mimi na Cletus tuna kampuni ya teknolojia, ndogo kwelikweli, vyumba viwili tu nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Mwaka jana tuliomba ruzuku ya utafiti ya serikali, ile wanayopewa wabunifu wadogo, tukaipata, tukarukaruka barabarani mpaka bodaboda wakatupigia honi wakidhani kuna harusi. Tuliahidi kubuni kaushio la jua la kukaushia dagaa, yaani sanduku lenye kioo juu, nyavu za kutandazia ndani na feni inayoendeshwa na sola, ili akina mama waache kuanika mchangani ambako kunguru na mvua na mbuzi wa jirani wote wana fungu lao. Tukaliunda, zuri Shangazi, linang'aa, tukalipeleka kwa kikundi cha akina mama wakausha dagaa pale Kivinje likajaribiwe, na jaribio likifaulu serikali itatoa awamu ya pili tuunde mengine ya kugawa pwani yote, Kilwa hadi Lindi.

Sasa mimi nimelelewa, siwezi kumvamia mtu kwake kama askari, kwa hiyo kila nilipotaka kwenda kupima nilimpigia simu mapema kiongozi wao, Bi Mwanahija, na kila nilipofika nilikuta uwanja umefagiliwa, pilau imeiva, dagaa wamepangwa ndani ya kaushio kama wanasubiri kupigwa picha, nami napima unyevu, naandika, nakula pilau, nauliza, "Mama zangu, mtambo unawafaa?" nao wanaitikia kwa pamoja, "Mashallah, unatufaa sana!" Narudi Lindi nimeshiba, naiandikia serikali kwamba watumiaji wameridhika mno.

Juzi basi nililopanda likaharibika Nangurukuru, si mbali na Kivinje, simu imezima, nikasema acha nichukue bodaboda nikawasalimie tu. Nikapiga hodi. Bi Mwanahija akatoka, akaniona, akashika kichwa. Dagaa wote walikuwa mchangani, pamoja na kunguru wao. Na ndani ya kaushio langu, kaushio la serikali, chini kuna chetezo kinafuka udi, na kwenye nyavu zimetandazwa nguo za bibi harusi, na kanzu ya bwana harusi, na mashuka ya kitanda, na feni yangu ya utafiti inazungusha moshi taratibu haisahau hata pindo moja, na pembeni kuna akina mama wamekaa na mafurushi yao wanangoja zamu, wengine wametoka mpaka Kilwa Masoko!

"Debora mwanangu, mbona hukusema unakuja?"

"Mama, na dagaa?"

"Dagaa! Humo inaingia ndoo moja. Boti zikishusha, ndoo moja itatufikisha wapi? Tuliliona hilo tangu wiki ya kwanza."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Nikwambieje? Umetoka mbali, jua kali, umeshuka na sanduku lako unacheka mpaka magego yanaonekana. Nikutie simanzi uwanjani kwangu? Haki ya Mungu nisingeweza."

Nikakaa chini mchangani nikacheka mpaka nikalia, nao wakacheka, ila Shangazi, wakaguzi kutoka Dar wanakuja Alhamisi, na nilipomwambia Bi Mwanahija akanipigapiga mgongoni akasema, "Usihofu, tutalijaza dagaa pomoni, tutachinja kuku, hawatoki hapa bila kulisifu." Na atafanya! Cletus naye anaona kwa mpango huo mambo yamekwisha, amenunua ndimu tele aende kusugua harufu, anasema tukisema ukweli kampuni imekufa na sisi turudi kuchomelea mageti. Nami awamu ya pili naitaka, naitaka mpaka naiota, lakini nikifumba macho naona masanduku yangu yamejaa pwani nzima, kila moja na akina mama wake wa kunionea haya, na dagaa mchangani vilevile. Ninyamaze, au niseme? Nijibu haraka, maana nguo zangu zinanukia udi mpaka wanakwaya wenzangu wameniuliza naolewa na nani.

Ni mimi, Fundi wa Mtanda.

*

Marahaba, Fundi. Jina lako ningelificha, lakini umelitia mwenyewe kinywani mwa Bi Mwanahija, na hata nikilifuta, hapa Lindi kuna fundi mmoja tu anayeingia kwaya akinukia kama chumba cha bibi harusi. Nimeisoma barua yako hadharani ofisini, nimelazimika kuirudia mara mbili kwa sababu watu walikuwa hawasikii kwa kucheka. Hongera. Sasa futa machozi, nikuseme.

Ulipima unyevu wa dagaa, ndoo hukuipima. Mtu aliyesoma mitambo hakuuliza boti inashusha kiasi gani? Na adabu yako, mwanangu, naipenda, ila ndiyo iliyokuponza. Ukimpigia mwanamke wa Kivinje simu kwamba unakuja, tayari wewe ni mgeni, na mgeni atapewa pilau na maneno matamu, na mwenye nyumba ataona aibu zaidi kukutolea kasoro kuliko kukudanganya. Wewe umekua hukuhuku, hukulijua hilo? Ulilijua. Pilau ilikuwa nzuri.

Wala usiwanunie. Walikuficha kwa sababu wanakupenda, na nimeguswa mpaka nimetoa leso. Lakini fedha ile si ya Bi Mwanahija kuigawa kwa huruma, wala si ya Cletus kuiokoa kwa ndimu. Ni ya umma, na mlipewa ili mjue kama mtambo unawafaa wakausha dagaa. Mmejua. Haufai kwa ukubwa huo. Jibu hilo ni halali kabisa. La uongo ndilo wizi, hata likisindikizwa na kuku.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujala, wapigie simu wakaguzi uwaambie mwenyewe ulichokikuta. Usingoje wakione. Awamu ya pili inaweza kukupita, sikufichi, na itauma. Ukiomba, omba muunde kaushio kubwa moja mlijaribu upya, na ikishindikana, kuchomelea mageti ni kazi ya heshima na watu wanahitaji mageti. Cletus akinuna, zile ndimu azikamulie pweza.

Halafu mwambie Bi Mwanahija hivi, mbele ya kikundi chake kizima: Alhamisi atakayelisifu kaushio amenivunjia heshima, na atakayelisema vibaya ndiye mama yangu. Mwache achinje kuku kama moyo unamtuma, huyo huwezi kumzuia. Ila nguo zibaki ndani na chetezo kiwe kinafuka, wakaguzi wakute mambo yalivyo. Na biashara ya udi, ambayo naiona inanyanyua kichwa kabisa, ifanyeni kwa jasho lenu, senti ya ruzuku isiguswe. Nina mpwa anaolewa, niwekee zamu.

Wakishaondoka wakaguzi, wakupe wasikupe, rudi Kivinje bila simu na bila sanduku, ukae. Mwanzoni watakutandikia mkeka na kukupikia. Kula, shukuru, usiulize kama chochote kinafaa. Endelea kukaa. Pilau itageuka ugali, mkeka utakunjwa, na siku moja Bi Mwanahija atapita na karai lake kichwani, hata hatakutazama, atakwambia, "Debora, toka njiani bwana, na vyombo vile mbona hujaviosha?" Vioshe, mwanangu, huku unacheka. Utafiti wako utakuwa ndiyo kwanza umeanza.