Masika Kitandani

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kanilaza. Si hospitali — nyumbani, kitandani, mpaka mtoto atimize miezi yake. Damu kidogo tu, kasema, lakini tusicheze nayo. Nikauliza kuhusu kazi yangu. Kasema nichore nikiwa nimelala, kama naweza. Alidhani anatania.
Picha zangu za Kiangazi, Vuli na Kipupwe zimekamilika. Imebaki Masika. Maonyesho ni mwezi ujao.

Jumanne, 4 Machi
Turubai la kuchorea halikupita mlangoni. Mume wangu kang'oa mlango. Kaliegemeza ukutani, miguuni pangu, na brashi kaifunga kwenye mpini wa ufagio ili nifikie. "Juu ni wapi?" kauliza. Tangu tuoane, kila picha anauliza juu ni wapi. Nikamwambia popote. Kacheka.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua yenyewe inanyesha na mimi siioni — dirisha liko nyuma ya kichwa changu. Mume wangu anasimama pale kunisimulia. Imelala upande. Sasa imenyooka. Kwa jirani imekuwa kama moshi. Anafikiri anapiga soga. Mimi nachora maneno yake. Lakini picha inakataa. Kijivu kizito, tope tupu.
Kipupwe niliichora tulipompoteza mtoto wa kwanza. Nyeupe, basi. Naogopa hii isije ikawa ndugu yake.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kaja kunihudumia. Kafua, kapiga deki, hana maneno mengi. Usingizi ukanichukua. Kuamka, namkuta kapiga magoti mbele ya turubai, kitambaa kibichi mkononi. Anafuta.
"Nani kamwaga maji machafu hapa, mwanangu?"
Kona nzima imekwenda. Nikamwambia ni picha, mama. Ni mvua. Kitambaa akakificha mgongoni kama mtoto. Mume wangu alitoka nje; nilimsikia akicheka. Mimi nililia kidogo.

Jumatano, 12 Machi
Mama mkwe hanitazami. Analeta chai, anatoka.
Asubuhi nimeiangalia vizuri ile kona. Rangi haikutoka yote. Imebaki michirizi, na nyuma yake mwanga — kama mbingu zinavyofunguka mvua ikikatika. Ndio niliokuwa nautafuta wiki nzima. Nikamwita.
"Mama, chukua kitambaa. Futa tena."
Alidhani namsuta. "Kosa si kosa, kosa kurudia kosa," kasema.
"Basi turudie wote."

Alhamisi, 13 Machi
Napaka kwa ufagio wangu, yeye anafuta kabla rangi haijakauka. Siku moja tu na tayari ana maoni: "Hapo acha. Hapo pamepumua."
Halafu, bila kugeuka, kaniambia kabla ya kumzaa mume wangu alizaa wawili. Hawakukaa. Mara zote mbili ilikuwa masika. Mwanawe hajui. Akaendelea kufuta, polepole, kama anayemwogesha mtu.
Nikamchovyea kitambaa majini.

Jumatatu, 17 Machi
Maumivu tangu alfajiri. Bado wiki kadhaa — mapema mno. Daktari kasema kwa simu tuje upesi. Mume wangu anasogeza gari mlangoni. Mama mkwe ananivisha viatu. Kucha zake zina kijivu.
"Kule chini hatujapagusa," kasema.
Nikamwambia apamalize yeye.
Kagoma. "Utapamaliza mwenyewe. Mtarudi wawili."
Kanishika mkono wa kulia. Naandika kwa wa kushoto, herufi zinaanguka, gari linaunguruma nje, na sitaki aniachie