Fidla ya Asubuhi na Kanga ya Zambarau

Kariakoo, Jumatano jioni

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshatoka shambani na umekaa, maana ni ndefu. Mguu wako unaendeleaje? Baba je, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, nakula vizuri, ila joto la huku sijalizoea, na maji ya kunywa hayana ule ubaridi wa kwetu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sikuweza. Uliponiuliza, "Nani kakufundisha kuwatukana watu wazima?" nilinyamaza, nawe ukasema kunyamaza kwangu ndilo jibu, na kwamba mwisho wa mwezi nipande basi nirudi nyumbani. Mama, unanijua. Hata shuleni mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, nilikuwa natazama vidole vyangu. Kwenye karatasi ninaweza. Mama Mdogo amesema nikuandikie mwenyewe, yeye haingilii tena, uamuzi ni wako. Bahati nzuri Mama Anyisile, yule anayeuza vitenge pale sokoni kwetu, amekuja kuchukua mzigo na kesho anarudi Tukuyu. Atakuletea barua hii na kifurushi kidogo. Naomba usome mpaka mwisho ndipo uamue.

Fremu ya Mama Mdogo iko ndani ya jengo, kwenye korido ya chini, kanga zimepangwa mpaka juu zinagusa dari. Mbele yetu, hatua tano tu, kuna fremu ya Bi Zuhura, naye anauza kanga. Hawagombanii wateja. Mtu akikosa rangi kwetu tunamvusha kwake, akikosa kwake anatuvushia. Bi Zuhura akienda kuswali sisi tunamwangalizia duka, na Mama Mdogo akienda ibada ya katikati ya wiki, yeye anatuangalizia. Mwisho wa korido anakaa Fundi Mwinyi na cherehani yake. Yeye anakata doti na kuzipinda, za kwetu na za Bi Zuhura.

Asubuhi tukishafungua, kabla watu hawajajaa, mwanga unaingia kutoka mlango wa mtaani peke yake, na vumbi la vitambaa vipya linaelea ndani yake bila haraka. Huo ndio wakati Fundi anawasha redio yake ndogo ya kuchomeka flashi. Anapenda taarabu za zamani. Nyingi zilinipita tu. Lakini kuna wimbo mmoja unaoanza na fidla peke yake. Fidla inapanda polepole, inafika mahali inasimama, unadhani imesahau njia, kisha inashuka kwa njia nyingine kabisa. Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa nakunja doti. Nilipozinduka nilikuta nimeikunja doti ileile mpaka imekuwa ndogo kama leso ya mfukoni.

Sijui kwa nini, Mama. Nimeitafuta sababu. Haufanani na nyimbo za kwaya yetu. Haunikumbushi mtu wala mahali. Ukianza naona ukungu unatembea, lakini si ukungu wa kwetu, kwa sababu wa kwetu una baridi na huu hauna. Siku nyingine naona chumba kikubwa chenye mapazia meupe yanayopumua, na chumba hicho sijawahi kuingia. Fidla ikinyamaza nabaki na furaha ambayo ina huzuni kidogo pembeni, na inakaa nami mpaka saa nne, saa tano, wateja wananiuliza bei nami nachelewa kujibu.

Ndani kwetu feni linapiga kelele. Kwa hiyo nikawa natoka, nasimama mlangoni, nafumba macho nisikie vizuri. Baadaye nikajipa moyo nikaenda kwa Fundi.

"Shikamoo, Fundi. Naomba ule wa fidla."

"Marahaba. Upi, binti? Zote zina fidla."

"Ule unaosahau njia."

Alinitazama juu ya miwani, akacheka, na akaujua palepale. Tangu siku hiyo nikawa namnunulia kikombe cha kahawa na kashata ili aurudie.

Sasa sikiliza nilichokuwa sikijui. Huku pwani, mwanamke akiinuka kwenye taarabu akaenda kumtunza mwimbaji, yaani kumpa noti, katikati ya wimbo, watu wanajua kuwa maneno yale kayatuma kwa mtu. Yupo aliyekusudiwa, na mwenyewe huwa anajijua. Kwetu ukipenda wimbo unauimba, basi. Wimbo wangu, baada ya fidla, una maneno, na maneno yake ni ya mwanamke anayemcheka mwenzake aliyeletewa mke mwenza. Na mume wa Bi Zuhura, muda mfupi tu kabla sijaja, alioa mke wa pili huko Kigamboni. Korido nzima ilijua isipokuwa mimi.

Hebu tazama kwa macho ya Bi Zuhura, Mama. Kila akifungua duka asubuhi, wimbo ule. Binti mgeni wa Mama Gwamaka, ndivyo korido inavyomwita Mama Mdogo, anatoka, anasimama mlangoni akiwa amemwelekea, kafumba macho, anatabasamu. Kisha anampelekea Fundi kahawa, na wimbo unaanza upya.

Kwanza aliacha kuitikia shikamoo yangu. Nilidhani hasikii, maana natoa sauti ndogo, nikawa naamkia mara mbili. Kisha akaanza kufunga duka akienda kuswali, badala ya kutuachia sisi. Halafu akatundika mlangoni kanga ya zambarau, maneno yake yakitutazama. Mimi niliona ni kanga nzuri sana. Ilikuwa na zambarau ile ya anga la kwetu mvua ikikaribia. Nikamwambia Mama Mdogo, "Bi Zuhura kaleta rangi mpya." Mama Mdogo akasoma yale maneno, uso ukambadilika. "Hiyo tumetundikiwa sisi," akasema. Kesho yake naye akatundika ya kwake. Keshokutwa yake Bi Zuhura akajibu na nyingine. Wiki nzima wakajibizana kwa kanga bila kufungua mdomo, na wateja wakawa wananunua zile zile za mlangoni. Mama mmoja alichukua ya kwetu na ya Bi Zuhura pamoja, akasema ana pa kuzipeleka zote mbili.

Ijumaa Bi Zuhura akavuka korido.

"Mama Gwamaka, mimi na wewe tumekaa hapa miaka. Kama una neno, nivukie uniambie mwenyewe. Usinitumie mtoto."

"Mtoto gani, Bi Zuhura, na neno gani? Si wewe uliyeanza kunitundikia?"

"Huyo hapo! Kila asubuhi ananisimamia na wimbo, karembua macho, na kutunza anatunza!"

Mama Mdogo akanigeukia. "Atu, ni kweli wimbo unauagiza wewe?"

"Ndiyo, Mama Mdogo."

"Kwa nini huo?"

"Sijui."

"Hajui!" akasema mama wa fremu ya mapazia, amejishika kiuno. "Kapole hivyo, kumbe kana ncha!"

Watu wakacheka. Nami nikarudia tena, sijui, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli, na kila nikiisema ilizidi kuonekana jeuri. Jioni hiyo ndiyo Mama Mdogo alikupigia simu. Mengine unayajua.

Usiku ule Mama Mdogo akanieleza habari za Kigamboni na maana ya kutunza. Jumamosi alasiri, Bi Zuhura alipotoka kuswali, nikavuka zile hatua tano.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

Aliendelea kupanga doti, kanipa mgongo.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Umetumwa?"

"Hapana."

"Radhi ya nini, na wimbo unaupenda?"

"Naupenda. Lakini mambo yako nilikuwa siyajui. Na maneno ya wimbo siyajui."

"Siku zote hizi unausikiliza, maneno huyajui! Mdanganye aliyezaliwa jana."

"Maneno yakianza huwa narudi ndani."

Fundi Mwinyi akasimamisha cherehani. "Kweli, Zuhura. Mwimbaji akifungua kinywa tu, huyu anaingia dukani kama kuku kaona mvua. Mimi ananirudishisha mwanzo tu, mwanzo tu, mpaka flashi imechoka."

"Na wewe Mwinyi siku zote ulikuwa wapi usiseme?"

"Nilikuwa napinda kanga zenu za ugomvi! Tangu muanze hata chai sijanywa vizuri."

Bi Zuhura hakucheka, lakini aligeuka. Akanitazama muda mrefu. "Haya. Niimbie hicho unachokipenda."

Mama, mimi hata kwenye kwaya nilikuwa nafungua mdomo bila kutoa sauti, na wewe ulikuwa unajua ukaninyamazia. Lakini nilifumba macho nikaivumisha fidla ile. Nikapanda nayo. Pale inaposimama, nikasimama. Korido ikawa tulivu, au mimi niliacha kuisikia. Nikaona tena vumbi likielea kwenye mwanga ingawa mwanga wa saa hizo hauingii huko ndani, na yale mapazia meupe, nikashuka kwa ile njia nyingine mpaka chini. Nilipofumbua macho, Bi Zuhura alikuwa ameshika doti kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

"Huu wimbo nilikuwa naupenda," akasema. "Nilikuwa msichana kama wewe. Tangu mambo yangu yaharibike, hiyo fidla sijaisikia. Nasikia maneno tu."

Nikaokota uzi sakafuni, naye akauliza:

"Na wewe unaipendea nini?"

"Sijui, Bi Zuhura."

"Hata mimi sikuwahi kujua." Akaweka ile doti kwenye rafu, akainyoosha kwa kiganja. Kisha akasema, "Marahaba."

Nilikuwa nimeshasahau kwamba nilimwamkia.

Magharibi alituachia duka akaenda kuswali. Mama Mdogo akaishusha kanga yetu mlangoni kabla Bi Zuhura hajarudi, naye aliporudi akaiona imeshushwa, akashusha ya kwake. Hawakusema kitu zaidi ya habari za umeme kukatika. Mimi nilikunja zote mbili.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na harusi ya mpwa wa Bi Zuhura huko Ilala, shughuli ya wanawake watupu, mchana. Akatuchukua mimi na Mama Mdogo, tukavaa sare moja naye. Ukumbi ulikuwa na mapazia, Mama, ila yalikuwa ya kijani. Udi ulifukizwa mpaka watu wa mbali walionekana kama wako ndani ya maji. Mke mwenzake wa Kigamboni naye alikuwepo, kakaa safu ya pili na ndugu zake. Kundi la taarabu likapiga nyimbo nyingi, halafu nikaisikia fidla. Ile yenyewe, haitoki kwenye redio. Ilikuwa mikononi mwa mzee mmoja mwembamba, kafumba macho kama mimi.

Nikaona ukumbi mzima unajiweka sawa. Wanawake walisogea mbele kwenye viti, wengine macho kwa Bi Zuhura, wengine macho kwa yule wa safu ya pili, wanangoja maneno yafike waone nani ataanza kuinuka. Nilimshika Mama Mdogo mkono.

Bi Zuhura akainuka pale pale, mwimbaji hata hajasogelea kipaza sauti. Akatembea polepole, kwa mwendo wa wimbo, noti ikiwa kati ya vidole viwili, akampita mwimbaji, akaenda kumtunza mzee wa fidla. Akasimama mbele yake ile sehemu inayosahau njia, mpaka ikaikumbuka.

"Anamtumia nani?" akauliza mama mmoja nyuma yangu.

"Sijui! Maneno hata hayajaanza!"

Maneno yalipoanza, Bi Zuhura alishakaa karibu yangu anakunywa juisi ya ukwaju. Watu walitazamana, wakatafuta aliyekusudiwa ukumbi mzima, hawakumpata. Na maneno yalipofika pale pabaya hakuna aliyeinuka, wala upande wa Kigamboni. Yalipita tu. Bi Zuhura akaniinamia sikioni: "Leo nimeisikia."

Hayo ndiyo yaliyotokea, Mama. Ningependa kubaki kwa Mama Mdogo mpaka matokeo ya kidato cha nne yatoke, na yeye anasema kazi yangu ni safi ila nijifunze kutaja bei kwa sauti. Lakini ukisema nirudi, nitarudi, sitanuna. Ninachokuomba zaidi ni kwamba nikisema sijui, uniamini kwamba sijui. Ni kweli nilimuumiza mtu mzima, na nimeomba radhi. Kumtukana sikumtukana.

Mwambie Baba shikamoo yake iko hapa, na anywe ile tangawizi. Bibi, mama yake Baba, mnong'oneze kwamba bado sijakata nywele. Mdogo wangu Ambakisye, aliyerithi godoro langu, asiandike kwenye madaftari yangu. Na yule mwalimu wa kwaya aliyekuwa ananipanga mstari wa nyuma, mwambie nimeimba peke yangu mbele ya watu wawili.

Kwenye kifurushi kuna ile kanga ya zambarau. Bi Zuhura amekukatia mwenyewe na Fundi amekupindia. Maneno yake ni makali, Mama Mdogo ameniambia nikuonye usiivae ukienda kwa mawifi. Mimi nimeichagua kwa rangi. Majirani wakikuuliza unamsema nani, waambie hujui, umeipenda tu.

Mwanao,
Atupele